Kadi au kura ya siri: ipi inawafaa wafanyakazi wa kiwanda cha mbao Marekani wanaotaka chama?

Wafanyakazi wa kiwanda cha mbao nchini Marekani wanaotaka chama kiwasemee mbele ya mwajiri wana njia kuu mbili. Ya kwanza ni kura ya siri inayosimamiwa na Bodi ya Taifa ya Mahusiano Kazini, NLRB, chini ya sheria ya 1935. Ya pili ni mwajiri kukitambua chama kwa hiari yake baada ya kuthibitishiwa kwamba wengi wamesaini kadi. Makala haya yanawalenga wasemaji wa Kiswahili walio kwenye kazi hizo, hasa waliotoka Kongo na kupewa makazi katika majimbo yenye viwanda vya mbao kama Maine, Idaho na Kentucky. Wengi wao huletewa kadi wakati wa mapumziko na kuambiwa wasaini, bila kuelezwa kadi hiyo inaelekea wapi.

Mazoea ya Afrika Mashariki yanaweza kupotosha hapa. Kenya, kifungu cha 54 cha Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 kinamtaka mwajiri akitambue chama chenye zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kujiunga, na Fomu S za makato ya ada ndizo ushahidi wa kawaida. Tanzania nako, kifungu cha 67 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakipa chama chenye wengi haki ya kuwa msemaji pekee, na mwajiri akigoma shauri linapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kote kuwili uanachama ndio unaohesabiwa. Marekani kadi ya kawaida ya idhini haikati hata senti moja kwenye mshahara. Inasema tu kwamba unataka chama fulani kikuwakilishe katika majadiliano. Katika vyama vingi ada huanza baada ya mkataba wa kwanza kukubaliwa na wafanyakazi wenyewe. Soma kadi yako kabla ya kusaini: kama imeunganishwa na fomu ya makato, uliza kwa nini.

| Jambo | Kura ya NLRB | Kadi na kutambuliwa kwa hiari |
|---|---|---|
| Kinachohitajika | Kadi za angalau 30% ya kundi (wafanyakazi watakaowakilishwa pamoja) | Kadi za zaidi ya nusu, na mwajiri aliyeridhia |
| Ushindi | Zaidi ya nusu ya kura halali zilizopigwa | Zaidi ya nusu ya watu wote wa kundi |
| Muda | Mara nyingi wiki 5 hadi 7 tangu ombi, zaidi kukiwa na mzozo | Kuhesabu ni siku moja. Makubaliano ya kabla yake yanaweza kuchukua miezi |
| Mkishindwa | Hakuna kura nyingine kwa kundi hilo kwa miezi 12 | Mnaweza kuomba kura ya NLRB wakati wowote |
| Nani anaona majina | NLRB tu | Inategemea makubaliano |

Hesabu zenyewe

Tuseme kundi lina watu 90. Kuomba kura kunahitaji kadi 27. Kutambuliwa kwa kadi kunahitaji 46. Siku ya kura hakuna kiwango cha chini cha mahudhurio: wakijitokeza 50, kura 26 zinatosha kuwapa wote 90 chama. Zikiwa 25 kwa 25, chama kimeshindwa, maana sheria inataka zaidi ya nusu. Kwa hiyo aliyebaki nyumbani hahesabiwi popote kwenye kura, lakini kwenye kadi asiyesaini anahesabiwa kama amekataa.

Ukitazama hizo namba utadhani kura ni rahisi zaidi. Si hivyo. Kadi inasainiwa kabla mwajiri hajaanza kusema. Kura inapigwa baada ya wiki kadhaa za mikutano, barua, na msimamizi kupita kwenye mstari akiuliza habari za watoto wako. Uungaji mkono hushuka katika kipindi hicho, karibu kila mahali. Ndiyo maana waandaaji wenye uzoefu hawapeleki ombi wakiwa na 30%. Wanangoja 65% au 70%, na sisi tunakubaliana nao kabisa. Ombi la kura lenye kadi 30 kati ya watu 90 ni njia ya haraka ya kushindwa na kufungiwa mwaka mzima.

Viwanda vya mbao vina tatizo lao la pekee: watu hawakai. Kazi ya kupanga mbao mbichi zikitoka kwenye msumeno ni nzito, na wengi huacha ndani ya miezi michache. Kadi ya aliyeacha kazi haihesabiki. Kampeni iliyovuta miezi 8 inaweza kuwa na kadi 60 kwenye bahasha na 38 tu zilizo hai. Linganisheni kadi na majina ya zamu kila wiki, na mtoe za walioondoka, kila mnapodhani mmefika.

Yapo makosa mawili ya kadi yanayotukumba sisi hasa. Moja ni tarehe. Kadi lazima iwe na tarehe, na Marekani mwezi huandikwa kwanza. Ukiandika 5/3 ukimaanisha tarehe 5 Machi, wao wanasoma Mei 3. Ukiandika 25/3, haisomeki kabisa. Andika mwezi kwa jina. Lingine ni jina. Wengi wana majina matatu, na karatasi za ukimbizi au za benki zimeyapanga kwa namna tofauti. Andika jina kama lilivyo kwenye hati ya mshahara, kwa mpangilio ule ule, kwa sababu NLRB au mhesabu kadi ataoanisha kadi na orodha ya malipo. Jina lisilooana ni kadi iliyopotea bure.

Mwajiri akikataa kadi

Hapa ndipo njia hizi mbili zinapoachana kweli, na kesi iliyoamua jambo hilo ilitoka kwenye biashara ya mbao. Katika kesi ya Linden Lumber, chama kilikuwa na kadi za wengi, kampuni ikakataa kukitambua, na Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua mwaka 1974, majaji 5 kwa 4, kwamba mwajiri ambaye hajavunja sheria kwa njia nyingine halazimiki kukubali kadi. Anaweza kusema nendeni mkapige kura, na mzigo wa kupeleka ombi ukabaki kwa chama. Miaka 5 kabla, katika kesi ya Gissel ya 1969, mahakama hiyo hiyo ilikubali kwamba mwajiri aliyevuruga mazingira ya kura kwa vitisho vizito au kufukuza watu anaweza kuamriwa kujadiliana kwa msingi wa kadi. Mwaka 2023, katika uamuzi wa Cemex, NLRB iliupindua mzigo: mwajiri aliyeombwa kutambua chama cha wengi akubali au apeleke ombi la kura mwenyewe, kwa kawaida ndani ya wiki 2, na akivunja sheria kiasi cha kuharibu kura, aamriwe kujadiliana. Uamuzi huo umepingwa mahakamani. Uliza mwanasheria wa chama hali yake katika jimbo lako kabla ya kuuegemea, na usipange kampeni nzima juu yake.

Kwa vitendo, njia ya kadi inafanya kazi pale tu mwajiri amekubali mapema, kwa maandishi, kutoegemea upande. Makubaliano mazuri yanataja mambo haya: wasimamizi hawatasema lolote dhidi ya chama; waandaaji wataingia chumba cha chakula saa gani; mwajiri atatoa orodha ya majina, zamu na simu ndani ya siku ngapi; kiwango ni nusu na mmoja au zaidi; na nani atahesabu. Mhesabu awe mtu wa nje, mathalani msuluhishi mstaafu. Kadi zisipite mkononi mwa meneja wa wafanyakazi, kwa sababu siri ya waliosaini ndiyo inayopotea kwanza. Makubaliano yakisema tu kwamba kampuni "itaheshimu haki za wafanyakazi", bado hamna kitu.

Jihadharini pia na upande wa pili. Mwajiri akikimbilia kutambua chama kisicho na wengi, anavunja sheria, hata kama alidhani kwa nia njema kwamba wengi wapo. Mahakama Kuu ilisema hivyo mwaka 1961. Chama kinacholetwa na kampuni yenyewe, kwa haraka, mara tu mlipoanza kuongea na chama kingine, kikaguliwe kwa macho makali.

Majimbo ya kusini yana kikwazo cha ziada. Tennessee mwaka 2023, kisha Georgia na Alabama mwaka 2024, yalipitisha sheria zinazoweza kumnyima mwajiri misaada ya kiuchumi ya jimbo akitambua chama kwa kadi bila kura ya siri. Kiwanda kilichojengwa kwa misamaha ya kodi huko hakitakubali kadi. Msipoteze miezi mkiomba. Jengeni 70% na mwende kwenye kura.

Nani yumo, nani hayumo

Kwenye njia zote mbili, ukikosea kundi umekosea kila kitu. Kundi la kawaida la kiwanda cha mbao ni watu wa uwanja wa magogo, wa kumenya magome, waendesha misumeno, wa mstari wa mbao mbichi, wa matanuri ya kukaushia, wa mashine za randa, wanaopanga mbao kwa madaraja ya ubora, madereva wa fokolifti, wa boila, na mafundi wa mitambo, umeme na kunoa misumeno. Walinzi hawawekwi kundi moja na wengine. Kifungu cha 9 cha sheria ya 1935 kinakataza. Makarani wa ofisini kwa kawaida wako nje. Mwenye lori lake anayeleta magogo kwa mkataba huenda si mwajiriwa kabisa.

Mafundi, hasa wanoa misumeno, huzua mabishano. Mwaka 1949, katika shauri la kampuni ya mbao ya Weyerhaeuser, NLRB iliingiza sekta ya mbao kwenye orodha fupi ya sekta, pamoja na chuma, ambamo kazi zimefungamana kiasi kwamba mafundi hawakuruhusiwa kujitenga na kundi kubwa. Msimamo huo mkali uliachwa mwaka 1966, na sasa kila kiwanda hupimwa kwa hali yake. Ushauri wetu: waingizeni mafundi tangu siku ya kwanza. Mnoa misumeno akisimamisha kazi, kiwanda kizima kinasimama muda si mrefu, na nguvu hiyo mnaihitaji mezani.

Swali gumu zaidi ni la viongozi wa mstari. Kisheria msimamizi ni yule anayeweza kuajiri, kufukuza, kuadhibu au kupanga watu kazi kwa uamuzi wake mwenyewe, na yuko nje ya kundi. Kofia ya rangi tofauti na nyongeza ya dola moja kwa saa havimfanyi mtu msimamizi. Lakini kama anasaini karatasi za onyo, usimpe kadi azigawe. Kadi zilizokusanywa na msimamizi zinaweza kutiliwa shaka, na kura inaweza kufutwa kwa sababu hiyo. Katika timu ya watu wa kwetu, mara nyingi mkalimani wa zamu ndiye anayetumwa kupeleka maonyo. Chunguzeni mamlaka yake halisi kabla hajawa mkusanyaji mkuu wa kadi.

Walioletwa na wakala wa ajira wanahitaji jibu mapema: nani anawalipa, nani anawaamuru, nani anaweza kuwaondoa? Wasipokuwa kwenye kundi, kadi zao hazisaidii. Wakiwemo na hamkuwahesabu, asilimia yenu si ile mnayoidhani.

Kura inavyokwenda, na inapoharibika

Ombi linapelekwa ofisi ya kanda ya NLRB pamoja na kadi, na mwajiri hazioni. Pande zikikubaliana juu ya kundi, tarehe na mahali, hakuna shauri. Zisipokubaliana, shauri husikilizwa kwa kawaida siku 8 baada ya notisi yake. Kura ikishaamriwa au kukubaliwa, mwajiri ana siku 2 za kazi kutoa orodha ya wapiga kura yenye anwani, barua pepe na simu alizo nazo. Tangazo la kura lazima libandikwe siku 3 kamili za kazi kabla.

Lugha iombwe mwanzoni. Tangazo na karatasi ya kura vinaweza kutolewa katika lugha zaidi ya moja, na mkalimani akapangwa, lakini ofisi ya kanda inahitaji muda. Mkikumbuka Kiswahili siku 4 kabla ya kura, mmechelewa.

Kiwanda cha zamu mbili kinahitaji vipindi viwili vya kura vinavyogusa mabadiliko ya zamu, kwa mfano saa 11 hadi saa 1 asubuhi, na saa 8 hadi 10 mchana. Wanoa misumeno na mafundi wanaokuja usiku au Jumamosi husahaulika. Taja zamu yao wakati wa kukubaliana. Anayestahili kupiga ni aliyekuwa kazini katika kipindi cha malipo kilichoisha kabla ya amri au makubaliano, na bado yuko kazini siku yenyewe. Waliopumzishwa kwa sababu bei ya mbao imeshuka wanaweza kupiga kama wana tumaini la kweli la kuitwa tena. Jina lako lisipokuwa kwenye orodha, usiondoke: omba kupiga kura yenye pingamizi. Itawekwa kwenye bahasha yake na kuamuliwa baadaye ikiwa inaweza kubadili matokeo.

Karatasi ya kura haisainiwi. Ukiweka jina lako, imeharibika. Kura ya posta inageuza jambo hili na kuwachanganya wengi: karatasi ya ndani haina jina, lakini bahasha ya nje lazima isainiwe, vinginevyo haifunguliwi. Tuna wasiwasi na kura ya posta kwa jamii zinazohama nyumba mara kwa mara. Mkiwa na nafasi ya kuchagua, chagueni kura ya papo hapo kiwandani.

Katika saa 24 kabla ya kura, upande wowote hauruhusiwi kuwakusanya wafanyakazi kwa hotuba ndani ya muda wa kazi. Kanuni hiyo ilitoka kwenye kiwanda kingine cha mbao, Peerless Plywood, mwaka 1953. Meneja akisimamisha mashine jana yake na kuita kila mtu, andika saa, mahali na majina ya waliokuwepo. Pingamizi dhidi ya matokeo lina siku 5 za kazi tu baada ya kuhesabu. Malalamiko ya ukiukaji wa sheria yana miezi 6. Vitisho, maswali kuhusu msimamo wako, ahadi za nyongeza na upelelezi ni mambo manne ya kuandika palepale. Nanyi pia msimpe mwajiri sababu: ongeeni habari za chama mapumzikoni na kwenye maegesho, si kando ya msumeno unaozunguka.

Asiye na karatasi za ukaazi anabaki mfanyakazi chini ya sheria hii na anaweza kusaini na kupiga kura. Hata hivyo, tangu uamuzi wa Mahakama Kuu wa 2002, akifukuzwa kwa ajili ya chama hawezi kulipwa mishahara aliyoikosa. Aambiwe ukweli huo kabla, kisha aamue mwenyewe kiasi cha kujionyesha. Kwake usiri wa kura na wa kadi zilizo mikononi mwa NLRB una uzito kuliko kwa mwingine yeyote.

Tunavyochagua

Kama kuna makubaliano ya maandishi ya kutoegemea upande na mhesabu wa nje, kadi ni bora, hata kura ikiwezekana. Kampeni inakuwa fupi, na mnafika mezani bila majeraha. Hali hiyo hutokea zaidi pale kampuni ina viwanda vingine vyenye mkataba. Uliza chama kina mikataba ya mbao wapi, na uombe kuisoma. IAM, chama cha mafundi mitambo kilichoungana mwaka 1994 na chama cha zamani cha wapasua mbao cha 1937, kiliongoza mgomo wa wafanyakazi wapatao 1,100 wa Weyerhaeuser huko Oregon na Washington mwaka 2022. Carpenters (chama cha maseremala) na USW (chama cha wafanyakazi wa chuma) nao wamo kwenye sekta za mbao na karatasi.

Mwajiri akiwa kimya, dai kutambuliwa kwa kadi kwanza, lakini weka muda mfupi na ombi la kura likiwa tayari. Msijaribu kumshinikiza kwa kusimama getini na mabango kwa miezi: kudai kutambuliwa kwa njia hiyo bila kupeleka ombi kuna kikomo kisichozidi siku 30.

Mwajiri aliyekwishaajiri washauri wa kupinga chama, au aliyefukuza mtu, peleka ombi la kura pamoja na malalamiko. Cheti cha NLRB mnachopewa mkishinda kura kinafunga mlango kwa miezi 12, na katika muda huo mwajiri hawezi kudai mmepoteza wengi. Chama kilichotambuliwa kwa hiari kina ulinzi mfupi na laini zaidi: kanuni ya 2024 inaupa miezi 6 hadi mwaka 1 tangu kikao cha kwanza cha majadiliano. Hakuna njia inayomlazimisha mwajiri kusaini. Sheria inamlazimisha kujadiliana kwa nia njema tu. Kwa hiyo anzeni kukusanya madai ya mkataba, kuanzia malipo ya zamu ya usiku, vumbi la mbao, vizuizi vya misumeno hadi utaratibu wa kupumzishwa na kuitwa tena kwa ukongwe kazini, kadi zikiwa bado zinasainiwa. Mkataba ukishasainiwa, unazuia ombi la kukiondoa chama kwa hadi miaka 3, isipokuwa katika dirisha la kati ya siku 90 na 60 kabla haujaisha.